Mheshimiwa Alipoanika Makochi Yake

Katika Jamhuri ya Shwari, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaishia kuikunja ramani na kwenda kunywa chai, aliishi mwanamke aliyeitwa Perusi Mbelwa, na kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kituo chake cha hali ya hewa kilikuwa juu ya kilima cha Rutete: chumba kimoja cha tofali, uzio wa waya, kipima mvua kilichosimama katikati ya nyasi zilizofyekwa, na simu ya mezani. Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku saa tatu kamili asubuhi, Bi. Perusi alitoka na daftari, akainama, akasoma, akaandika. Akiwa na homa aliandika. Siku ya harusi yake aliandika kwanza ndipo akaenda kanisani, na mchungaji akasubiri.

Mtu anayeandika kitu kimoja kila siku kwa muda wote huo hawezi kukosa kuona kwamba kinabadilika. Siku za mvua zilikuwa zinapungua, lakini kishindo chake kinaongezeka. Maji yaliyokuwa yakinyesha taratibu kwa wiki mbili sasa yalimwagwa yote kwa alasiri mbili, kisha jua likarudi kama vile halikuondoka. Na Mto Ruvira, uliopita chini ya kilima pembeni mwa mtaa wa Kidudwe, kila masika ulipanda juu zaidi kidogo kuliko masika yaliyotangulia.

Mwaka huo Bi. Perusi aliandika ripoti ya kurasa mbili. Alieleza kwamba joto limepanda, kwamba mawingu ya siku hizi yanabeba maji mengi kuliko ya zamani, na kwamba kabla masika hayajaisha mto huenda ukaingia Kidudwe. Akapendekeza kaya mia nne za Kidudwe zihamie kwa muda kwenye shule ya Rutete, kilimani. Akaipeleka ripoti wizarani kwa mkono wake mwenyewe na kugongewa muhuri.

Wizara ilijibu haraka sana, yaani baada ya siku kumi na moja. Ilimpongeza kwa mwandiko mzuri, ikamkumbusha mambo mawili. La kwanza, ubeti wa pili wa wimbo wa taifa unasema wazi kwamba hewa ya Shwari haibadiliki milele, kwa hiyo mtumishi anayesema inabadilika aangalie asije akaonekana anausahihisha wimbo wa taifa. La pili, ripoti yake ni kauli ya kitaalamu, na kauli za kitaalamu zinaongozwa na Sheria ya Mizani.

Ilikuwa sheria nzuri. Ilitungwa ili wananchi wasionewe na ukweli wa upande mmoja. Ilisema kwamba kila kauli ya kitaalamu itakayotolewa hadharani au faraghani lazima ikabiliwe papo hapo na kauli pinzani yenye uzito sawa. Mtaalamu atakayetoa utabiri bila mpinzani kuwepo atafungwa miezi sita, au mwaka mzima endapo utabiri huo utatimia.

Mpinzani hakuwa na haja ya kutafutwa. Serikali ilikuwa tayari na Mpinzani wa Taifa wa Masuala ya Hewa, naye alikuwa mbunge wa Kidudwe mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Ndimbwelu. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kimoja baada ya kukijengea geti.

Mjadala wa kwanza ulifanyika Alhamisi katika Ukumbi wa Uwazi, ukirushwa moja kwa moja na redio ya taifa. Bwana Chikwemba, Katibu wa Mizani, alikuwa mtu mwembamba aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa kufa. Alikuwa amesoma maneno "uzito sawa" mara nyingi, na ili asije akalaumiwa alileta mizani ya kupimia magunia ya kahawa kutoka ghala la ushirika. Bi. Perusi alipanda, ikasoma kilo hamsini na nne. Mheshimiwa alipanda, sindano ikazunguka, ikasita, ikatua kwenye mia na ishirini na moja.

"Hapa pana tatizo," alisema Katibu.

"Naweza kushika madaftari yangu," alisema Bi. Perusi. "Ni ya miaka ishirini na miwili."

Wakampa ayashike. Yeye pamoja nayo wakafika kilo themanini. Katibu alifikiri, akafuta jasho, akaamua kwamba kwa kuwa upande wa wataalamu bado ni mwepesi, kila dakika moja ya Bi. Perusi italipwa kwa dakika moja na nusu za Mheshimiwa. Ukumbi ukaona ni haki.

Bi. Perusi alisoma namba zake. Alisoma vizuri na taratibu, na kufikia mwaka wa tano mtangazaji wa redio alikuwa amelala. Kisha akasimama Mheshimiwa Ndimbwelu, akavua miwani, akaupangusa uso kwa leso nyeupe.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nimezaliwa Kidudwe. Nikiwa na miaka sita nilikuwa naoga mto Ruvira, na maji yalikuwa yananifika hapa, kifuani. Wiki iliyopita nimevua viatu nikaingia palepale. Yamenifika magotini. Sasa mimi nauliza kwa unyenyekevu: ni nani huyo anayesema maji yanaongezeka?"

Makofi yalichukua muda. Bi. Perusi aliangalia kulia na kushoto akitafuta mtu aliyeona alichokiona yeye, akawaona wote wanapiga makofi, na shemeji yake Zablon, aliyekaa mstari wa tatu, ndiye aliyeongoza.

"Mama huyu anasema huenda," aliendelea Mheshimiwa. "Huenda mto ukaingia. Nimehesabu, amesema huenda mara kumi na saba. Mimi tangu nianze siasa sijawahi kusema huenda. Tumwamini nani, mwenye uhakika au asiye na uhakika?"

"Kwa hesabu zetu ni saba kwa kumi," alisema Bi. Perusi.

"Na tatu zilizobaki?"

"Tatu zilizobaki, mto hauingii."

"Hizo tatu ni zangu," alisema Mheshimiwa, akaketi.

Katibu aliandika kwamba pande zote mbili zimekubaliana kutokubaliana, na mjadala ukaahirishwa hadi Alhamisi iliyofuata. Ulivyokuwa Alhamisi hiyo ndivyo ulivyokuwa na iliyofuata.

Dada yake Bi. Perusi, Yunia, alikaa Kidudwe, nyumba ya nane kutoka mtoni, na alikuwa akikaanga vitumbua kibarazani. Jumapili moja baada ya ibada Bi. Perusi alimtembelea. Alikuwa amekuja kumwambia ahame, lakini alikuwa mtu wa kufuata sheria, na sheria ilisema hadharani au faraghani. Akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji Zablon, nakuomba unipinge kidogo. Nina neno la kusema."

Zablon aliweka kikombe chini. "Nikupinge humu ndani? Wewe mgeni wetu, umekuja na sukari, halafu mimi nikupinge? Watu watanielewaje?"

"Ni kwa ajili ya sheria tu."

"Siwezi, shemeji. Niombe kitu kingine."

Ikabidi aseme bila kusema. Alisema shule ya Rutete ina vyumba vikubwa. Alisema kilimani kuna hewa safi. Alisema kule kituoni ana godoro la ziada. Yunia aligeuza vitumbua vyake kimoja kimoja, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nakujua. Redio naisikiliza. Wewe una lako, Mheshimiwa ana lake, na wote mnatoka shule. Mimi wa vitumbua nitajuaje? Lakini macho ninayo. Ile ghorofa ya Mheshimiwa iko pale pale ukingoni. Mkewe jana kashusha makochi mapya, mekundu, makubwa kama ng'ombe. Mtu anayejua maji yanakuja ananunua makochi?"

Bi. Perusi aliaga. Alipanda kilima chake akiwa amefungiwa vitumbua sita kwenye gazeti, na njia nzima alikuwa anajilaumu. Alijiona amepoteza miaka ishirini na miwili akijifunza kusoma mvua, na hakutenga hata siku moja kujifunza namna watu wanavyoamini.

Wiki iliyofuata vituo vya juu ya mto vilianza kumpigia simu. Kule milimani mvua ilikuwa imenyesha kwa siku tatu kiasi cha mwezi mzima. Bi. Perusi alipiga hesabu mara mbili, akapeleka barua nyingine wizarani, na wizara ikamjibu kwamba itajumuishwa kwenye mjadala wa sita.

Jumamosi alasiri, mtu alibisha hodi kituoni. Alipofungua alimkuta Mheshimiwa Daktari Ndimbwelu akihema, suruali imejaa majani ya michongoma. Gari alikuwa ameliacha chini ya kilima, nyuma ya mashine ya kusaga, ili lisionekane. Siku mbili tu kabla, mbele ya taifa zima, alikuwa amemwita Bi. Perusi mzushi anayelipwa na mawingu ya kigeni.

"Karibu, Mheshimiwa. Kuna maji ya kunywa hapo."

Alikunywa, akatazama dirishani, akatazama mlangoni. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sasa niambie ukweli. Yatafika kwangu?"

Hasira ilimpanda Bi. Perusi hadi masikioni. Akakumbuka makofi ya ule ukumbi. Angeweza kumfukuza, na kwa dakika moja alitamani sana.

"Hiyo itakuwa kauli ya kitaalamu," alimjibu. "Mpinzani yuko wapi?"

"Mpinzani wa Taifa ni mimi. Nipo hapa."

"Basi nipinge."

"Napinga," alisema Mheshimiwa, akivuta kiti karibu. "Endelea."

Sheria ikiwa imetimizwa, Bi. Perusi akafungua madaftari. Alimwonyesha mvua za milimani, akamwonyesha mto ulivyopanda, akamwonyesha kwa kidole mahali penye ghorofa yake. Ule mtu aliyekuwa na uhakika wa kila kitu alifuatilia kidole kile kama mtoto anayefundishwa herufi.

"Bado ni saba kwa kumi?"

"Tangu juzi ni tisa. Ijumaa hii inayokuja, au Jumamosi."

Mheshimiwa aliondoa macho kwenye daftari. Kisha akasema, na hapo alikuwa mnyonge kabisa, "Makochi ni mapya, mama. Hata nailoni hatujatoa." Akajikaza. "Nitayahamisha kiza kikiingia, pasipo mtu kuona. Hili libaki baina yetu."

"Kwangu litabaki," alisema Bi. Perusi. Akainamia daftari, kalamu ikasimama hewani. Hakuwa amewahi kusema uongo kazini, wala hakutaka kuanza sasa. Lakini ukweli aliokuwa nao ulikuwa mwingi, na hakuna sheria iliyosema aanze na upi. "Ila mvua za siku hizi zinaanza alasiri. Kufikia jioni ile barabara ya udongo inakuwa tope, lori litazama na makochi yatalowa. Mimi ningehama asubuhi. Jumanne ndiyo nzuri. Jumatatu hadi usiku itanyesha, Jumanne asubuhi jua litawaka."

"Jumanne ni siku ya gulio."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini jua halijui gulio."

Jumanne saa nne asubuhi gulio la Kidudwe lilikuwa limefurika watu, na katikati yake, kwa kuwa hapakuwa na barabara nyingine, yalipita malori matatu. La kwanza lilibeba makochi mekundu yakiwa ndani ya nailoni zake. La pili lilibeba jokofu, vitanda, tangi la maji, mbuzi tisa na picha ya Rais. La tatu lilibeba milango. Mheshimiwa alikaa mbele kwenye lori la kwanza, amevaa miwani nyeusi, akitazama mbele kama mtu anayepita mji asioujua.

Watu waligeuka kutazama. Muuza dagaa aliacha kupima. Yunia alisimama barabarani mbele ya lori akiwa na mwiko mkononi, na dereva akalazimika kusimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mnahamia wapi?"

"Marahaba, mama. Hatuhami. Makochi yanapelekwa kuanikwa."

"Kuanikwa wapi?"

"Kilimani. Kuna jua zuri."

"Na milango?"

Mheshimiwa alifikiri. "Nayo ina unyevu," alisema.

Yunia alisogea pembeni, lori likapita. Alilitazama mpaka lilipokata kona, akalitazama karai lake la mafuta, akazima moto. "Zablon," alimwita mumewe, "kashushe mabati."

Hakuna aliyetangaza chochote. Hakuna aliyesema neno maji. Lakini kufikia saa sita Kidudwe nzima ilikuwa inaanika vitu vyake. Magodoro yalipanda kilima vichwani, mikokoteni ilipanda, baiskeli zenye kuku zilipanda, bibi mmoja alipanda mgongoni mwa mjukuu wake akimwelekeza njia. Mheshimiwa, alipoona anafuatwa, aliingiwa na hofu ya kisiasa. Akasimamisha lori, akapanda juu ya kochi, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, hakuna hatari yoyote. Rudini majumbani mwenu. Hali ya hewa ni ileile waliyotuachia waasisi."

Walimsikiliza kwa heshima zote, maana alikuwa mbunge wao. Alipomaliza walimpigia makofi wenye mikono iliyo wazi, kisha wakainama, wakakaza kamba za mizigo yao, wakampita.

Mto uliingia Ijumaa, saa kumi alasiri. Haukupiga kelele nyingi kama watu walivyotarajia. Ulivuka ukingo, ukatanda, ukapita ndani ya Kidudwe ukiingia nyumba hadi nyumba. Bi. Perusi na Yunia walisimama kwenye uzio wa kituo wakitazama. Nyumba ya nane kutoka mtoni ilisimama muda kidogo, kisha ukuta wa upande wa jikoni ukalala, na Yunia akatoa mlio mdogo, akajifunika kanga usoni. Bi. Perusi alimshika bega. Alikuwa sahihi, sahihi kabisa, hata kwa siku, na hakuwahi kujisikia vibaya kiasi kile maishani mwake. Shuleni walihesabu watu wa Kidudwe mara tatu. Mara zote tatu walitimia.

Serikali iliunda tume mara moja. Haikuwa tume ya kuchunguza chanzo cha mafuriko, kwa sababu hicho kilikuwa bado kinajadiliwa siku za Alhamisi. Ilikuwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Kuhama. Kaya mia nne zilikuwa zimehama kabla ya tangazo, na mahali fulani lazima kulikuwa na mtu aliyetoa utabiri bila mpinzani, tena utabiri uliotimia. Hicho ni kifungo cha mwaka mzima. Bi. Perusi aliitwa mbele ya tume katika Ukumbi wa Uwazi, na Katibu Chikwemba ndiye aliyeuliza.

"Ulitoa utabiri nje ya mjadala?"

"Ndiyo," alisema Bi. Perusi, maana aliulizwa kazini na kazini hakuwa anadanganya.

Ukumbi ulinong'ona. "Mpinzani alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ni nani?"

Bi. Perusi alikuwa ameahidi. Akatazama mikono yake. "Siwezi kumtaja, Katibu. Kama yumo humu na anapenda, atajitaja."

Mheshimiwa Ndimbwelu alikuwa mstari wa mbele kabisa. Alikuwa amealikwa kupokea nishani ya utulivu, kwa kuwasihi wananchi wasitaharuki. Alitazama dari. Nyuma yake walikaa watu wa Kidudwe, waliokuwa wameshuka kilima kwa miguu asubuhi ile, wapiga kura wake wote, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele wala kusimama. Walimtazama tu kisogo. Yunia alikuwa katikati yao. Uchaguzi ulikuwa mwakani. Labda ni uchaguzi uliomgusa, labda ni kitu kingine; sisi tusioingia mioyoni mwa wakubwa hatuwezi kujua. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilikwenda kumuuliza. Nami nilimpinga vikali sana."

"Na baada ya kumpinga?" aliuliza Katibu.

"Nikahama."

Katibu aliandika hilo polepole. Tume ikaenda kunywa chai, ikarudi na matokeo. Ilijiridhisha kwamba sheria haikuvunjwa. Ilijiridhisha pia kwamba kwa kuwa waliokufa ni sifuri, basi hatari yenyewe ilikuwa sifuri, na kwa hiyo ripoti ya Bi. Perusi ilikuwa imetia chumvi. Alipewa onyo la maandishi. Mheshimiwa alipewa nishani, akaipokea akiwa ameinamisha kichwa, na wale waliokuwa karibu wanasema masikio yalimwiva.

Bi. Perusi alitoka nje na onyo lake kwenye mkoba. Uani alikuta wanawake wa Kidudwe wanamsubiri chini ya ukuta, Yunia akiwa mbele. Hakuna aliyempongeza. Walikuwa wamepoteza nyumba, vyakula na mbegu.

"Shule wametupa hadi mwisho wa muhula," alisema Yunia. "Tumepata kipande cha shamba kule juu. Sasa tuambie, tupande lini? Mvua ndogo itakuja au haiji?"

Bi. Perusi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Katibu Chikwemba alikuwa anatoka mlangoni, mizani ya kahawa ikisukumwa nyuma yake kwenye toroli. Katibu alimtazama Bi. Perusi, akawatazama wao, akatazama pande zote kama kuna mtu mwingine uani. Hapakuwa na mpinzani yeyote.

"Endelea, mama," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya kiofisi. "Hata mimi nina ekari mbili za mahindi."

Kisha akageuka akawapa mgongo, ili asionekane anasikiliza, na akarudi nyuma hatua mbili, ili asikie vizuri.